Kukata Huku Nimefumba Macho

Mimi ni fundi wa kukata. Katika duka letu, kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani Kariakoo, kazi tumegawana: mwenzangu anashona, mimi napima na kukata. Wateja wengi hudhani ugumu uko kwenye cherehani. Lakini mshono ukienda vibaya unafumuliwa, unashonwa upya, na mteja hajui. Kitambaa kikishapitiwa na mkasi hakirudi. Kwa miaka mingi nililijua hilo bila kulifikiria, kama mtu anavyojua kwamba anapumua.

Mchana mmoja nikaanza kulifikiria. Mteja alikuwa amesimama ubavuni mwa meza, akitaka kuona kitambaa chake cha suti kikikatwa. Hakuwa mkorofi, alikuwa anatazama tu. Nilifungua mkasi, na haukufunga. Vidole vilikuwa vyangu, nilivihisi, ila havikunisikia. Jasho likanitoka mgongoni, nikawa nasikia moyo wangu masikioni. Nilimwambia mteja kwamba mkasi umeisha makali, arudi kesho.

Nilikwenda hospitali. Daktari alinipima kwa uangalifu ambao mpaka leo namshukuru, akaniambia moyo ni mzima na presha ni nzuri, huu ni wasiwasi, nijaribu kupumzika. Sikujua mtu anapumzikaje na mkono wake mwenyewe. Nilichofanya ni kubadili ratiba. Nikawa nafika alfajiri, wakati maduka ya ukumbini yamefungwa bado, nakata kazi zote za siku nikiwa peke yangu. Wateja wakija wanakuta vipande vimeshafungwa kwa kamba. Mwenzangu alifurahi, akadhani nimeongeza bidii.

Aliyejua ukweli alikuwa mtu mmoja tu, mama anayeuza vifungo, zipu na nyuzi katika kibanda kinachotazamana na mlango wetu. Naye hufungua mapema. Ni mwanamke mrefu, wa rika langu, aliyekuja mjini kutoka kusini akiwa msichana kwa sababu timu ya netiboli ya ofisi moja ilimtaka awe mfungaji wake. Magoti yalipomchosha, akaingia kwenye vifungo. Hakuniuliza kitu. Siku moja tu alipita mlangoni na kikombe chake cha chai, akasema, "Kaka, siku hizi unakata kama unaiba."

Nilicheka, nikaendelea kufunga vipande kwa kamba.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo, kama si binti mmoja kuja na sari ya mama yake.

Familia yao ni ya Kihindu, wanaishi mitaa michache kutoka kwetu, upande wa kuelekea Posta. Mama yake alikuwa mteja wangu tangu sijawa na mvi. Alikuwa akileta vitambaa vya blauzi, anakaa kwenye benchi, ananisahihisha mpaka shingo ikae anavyotaka, na kila mara akichukua kazi yake ananiletea mitai, vitamutamu vya kwao, kwenye kibati. Alikuwa amefariki. Nilikwenda kuwapa pole, na tangu siku hiyo sikuwa nimeonana nao.

Binti aliingia, akanipa shikamoo, nikaitikia. Akafungua shuka jeupe juu ya meza, na ndani yake ilikuwamo sari ya harusi ya mama yake: hariri nyekundu iliyokolea, imedariziwa kwa zari, nyuzi za rangi ya dhahabu, na kwenye ile ncha inayotupiwa begani walikuwapo tausi, safu kwa safu, kila mmoja mdogo kama kiganja cha mtoto. Harusi yake ilikuwa inakaribia. Alitamani kuivaa kama ilivyo, lakini hariri ya zamani ikikaa imekunjwa huanza kukatika kwenye mikunjo, na sehemu ya katikati ilikuwa imeshaanza. Alitaka igeuzwe kuwa sketi ndefu na blauzi, mikono ya blauzi itoke kwenye ncha ya tausi, ili mikono yake ivishwe na kile kilichokuwa begani kwa mama.

Nilipima kila kitu. Kitambaa cha tausi ambacho bado kilikuwa kizima kilitosha mikono miwili, na ziada ndogo sana. Hakukuwa na nafasi ya kukosea, na kitambaa kama kile hakiuzwi tena popote, hata ningezunguka Kariakoo nzima.

Kisha akasema jambo la pili. Baba yake alitaka awepo wakati wa kukata. Nyumbani kwao nguo ya mama haiguswi na mkasi kimyakimya. Watakuja Jumamosi asubuhi, baba ataupaka mkasi alama nyekundu, ataomba kidogo, ndipo nikate, wao wakiona. Mpaka siku hiyo sari itarudi nyumbani, haitalala dukani.

"Mama alisema ikitokea siku sari hii ikaguswa na mkasi, uwe mkasi wako," alisema.

Nikamwambia karibuni Jumamosi. Maneno yalitoka kabla sijayapima. Alipokwisha kushuka ngazi nilikaa kwenye benchi la mama yake, na mikono ikaanza kutetemeka ikiwa mapajani, haijashika kitu.

Sikusoma sana shuleni. Mengi ninayoyajua nimeyapata kwenye vitabu vya mitumba vinavyopangwa chini kwenye kando ya barabara kule Posta, vingine havina hata jalada. Kimoja kati ya hivyo, cha Kiingereza, kilikuwa kinaeleza namna ya kutuliza hofu kwa kujenga picha kichwani. Nilikisoma polepole nikiwa na kamusi. Kilisema: fumba macho, jione uko ufukweni, sikia mawimbi, hisi mchanga mwororo chini ya miguu.

Nilijaribu kwa uaminifu. Nilifumba macho dukani, nikaenda ufukweni. Mchanga ulipofika miguuni niliwaza kwamba ukiingia kwenye hariri hautoki. Kisha nikawaza kwamba siku ya kazi mimi nimekaa ufukweni nafanya nini, na wateja wameniamini. Nilifumbua macho nikiwa na hofu kuliko nilivyoyafumba.

Mama wa vifungo alikuwa ameegemea mlango, amevuka bila mimi kumsikia. Akaniuliza nasali dini gani hiyo ya kukunja uso. Nikaona hakuna sababu ya kuendelea kumficha mtu ambaye ameshaona. Nikamweleza yote: mkono, alfajiri, sari, Jumamosi, na kile kitabu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa ufukweni utakata nini? Mchanga?"

Akavuta kigoda, akakaa, akanisimulia jambo ambalo katika miaka yote ya ujirani hakuwahi kulisema. Alipokuwa mfungaji, naye alishikwa hivyo hivyo. Mazoezini anafunga, kwenye mechi mpira unamganda mkononi. Kocha wao, mwanamke mkali, alikuwa akiwalaza chini kwenye sakafu ya ukumbi, macho yamefumbwa, mikono mitupu, na kuwapeleka kwa sauti kwenye uwanja ule ule watakaochezea. Aliwataka wasikie filimbi, waone goli na nyavu zake zilizochanika, wahisi jasho la mlinzi anayewakaba, na wawasikie mashabiki wa upande wa pili wakiwatukana. Kocha mwenyewe ndiye alikuwa anatukana. "Alikuwa ananiita nguzo ya umeme isiyo na umeme," alisema. "Nimelala chini nafunga, huku natukanwa. Siku ya mechi wale mashabiki nikawaona hawajui hata kutukana."

Kuanzia siku ile, kila mchana mwenzangu alipokwenda kuswali, mama wa vifungo alimwachia jirani kibanda chake, akaja kukaa kwenye kigoda mbele ya meza yangu. Mimi nilikaa kwenye benchi, macho nimefumba, mikono juu ya magoti. Yeye ndiye aliyeongoza, na alikuwa na namna yake. Hakuniambia nione nini. Aliniuliza.

Alianzia mbali, kwenye ngazi za jengo. Harufu gani? Mihogo ya kukaanga, nikasema, na maji ya mfereji. Mkono uko wapi? Kwenye chuma cha ngazi. Cha moto au cha baridi? Cha baridi, ni asubuhi. Alinipandisha hivyo mpaka mlangoni, mpaka mezani, mpaka kwenye mkasi. Ninaponyamaza ananisubiri. Ninapotaka kuruka jambo ananirudisha. Nilipofika kufungua mkasi, siku ya kwanza, vidole vilikaza juu ya magoti na jasho likanitoka, ingawa dukani tulikuwa wawili tu na meza ilikuwa tupu.

Nilisikitika. Nikamwambia tazama, hata kwa kuwaza tu siwezi.

Yeye alifurahi. Alisema vizuri sana, maana yake mwili umeamini. Nililitafakari neno hilo jioni nzima. Kama mwili wangu unaogopa hariri isiyokuwapo, basi unaweza pia kufundishwa kwa hariri isiyokuwapo, ambayo naweza kuikata mara nyingi nipendavyo na haiharibiki. Kile kitabu kilikuwa na ukweli ndani yake. Kilichokosea ni mahali. Kilinipeleka mbali kupumzika, na mimi nilihitaji kurudi kwenye meza yangu.

Siku zilizofuata alianza kunitilia vikwazo. Duka la chini limewasha spika, linatangaza mashuka. Umeme umekatika, feni imesimama. Mpita njia amechungulia akauliza bei ya kushona suruali. Baba wa bibi harusi amesogea karibu, unasikia pumzi yake. Kila mara swali lilikuwa moja: unafanyaje? Nami nikajifunza jibu moja. Naweka mkasi mezani, nashusha mabega, natoa pumzi ndefu kuliko ninayoivuta, nalainisha kitambaa kwa kiganja cha kushoto, naushika tena. Mwanzoni niliwaza kuushinda mtetemeko. Baadaye nikauacha uwepo, kama feni inavyokuwepo, na kiganja cha kushoto kikawa na kazi ya kufanya wakati unapita.

Alhamisi, siku mbili kabla ya wao kuja, nikiwa nimeshafika mbali, alinipitisha kwenye ncha ya sari kwa utulivu kabisa. Nilimweleza ninavyoona: nimekunja kitambaa nusu kwa nusu, nimeweka juu yake karatasi ya umbo la mkono wa blauzi, nimechora kwa chaki. Hivyo ndivyo mafundi wote tunavyokata mikono. Unakunja, unakata mara moja, unapata wa kulia na wa kushoto. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, na vitambaa vya kawaida havina ubishi.

"Unakata?" akauliza.

"Nakata."

"Umemaliza. Inua ule mkono wa juu unionyeshe. Tausi wanafanya nini?"

"Wamesimama."

"Inua wa chini."

Niliuinua, pale gizani nyuma ya kope, na tausi wote walikuwa miguu juu.

Nilifumbua macho. Nadhani nilisimama, kwa sababu nakumbuka aliniambia nikae. Ndege wana kichwa na miguu. Kwa jinsi kipande kilivyokuwa kifupi, njia pekee ya kukikunja kikatosha ilikuwa kukirudisha ncha juu ya ncha, na kufanya hivyo kungewasimamisha ndege wa upande mmoja na kuwapindua wa upande mwingine. Bibi harusi angeingia kwenye harusi yake mkono mmoja ukiwa sawa na mwingine ukiwa umeanguka. Na mimi ningekata kwa mkono uliotulia kabisa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilikuwa nimehangaika na mkono muda wote huo, na sikuwa nimekitazama kitambaa.

Lakini sikuwa na uhakika. Siku ile ya kupima nilichukua vipimo, sikuchukua picha. Huenda walikuwa wamepangwa nusu wakitazama juu na nusu chini, kama wanavyofanya wafumaji wengine, na hapo kukunja kusingedhuru. Nilimpigia binti simu, nikamwomba afungue shuka aangalie. Alikwenda. Nilimsikia akitembea, nikasikia kabati.

"Wamesimama wote, fundi," alisema. "Wanatazama juu begani. Kama watu wanasubiri basi."

Akanitumia na picha. Ilikuwa vilevile.

Basi mpango ukabadilika. Sitakunja. Nitatandaza kitambaa kimoja, nitakata mkono wa kwanza, kisha nitaigeuza karatasi upande wa pili na kukata mkono wa pili pembeni yake, la sivyo ningepata mikono miwili ya kushoto. Mikato mara mbili, mbele ya macho yale yale. Mama wa vifungo alisema, "Haya, tuanze tena kwenye ngazi." Na tukaanza tena kwenye ngazi, siku ile na Ijumaa, mpaka nikawa nawajua wale ndege safu kwa safu.

Jumamosi walikuja wanne: binti, baba yake, na shangazi wawili waliokaa kwenye benchi na mkoba wa mitai katikati yao. Duka la chini lilikuwa limewasha spika. Mihogo ilikuwa inakaangwa. Nakumbuka nilishangaa kidogo jinsi kila kitu kilivyokuwa mahali pake, kana kwamba nimeshaiishi asubuhi ile. Baba aliuchukua mkasi wangu kwa mikono miwili, akaupaka alama nyekundu kwenye maungio, akaomba kwa sauti ya chini, akanirudishia. Nikatandaza sari. Nikaweka karatasi, nikachora. Niliposhika mkasi vidole vilianza, kama vilivyozoea. Nikauweka mezani, nikatoa pumzi, nikalainisha hariri kwa kiganja. Hakuna aliyeona kitu cha ajabu. Waliona fundi anayekiheshimu kitambaa.

Nilikuwa nimefungua mkasi tena, ncha yake imegusa ukingo wa hariri, baba alipoanza kulia.

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Tulikuwa tumeweka spika, giza, mpita njia na pumzi ya mtu begani, na hatukuwaza kwamba mume anaweza kumlilia mkewe mbele ya meza ya fundi. Alilia bila kujificha, mkono mmoja umeshika kona ya sari upande ule ambao haukatwi. Binti alimshika bega.

Niliweka mkasi mezani. Safari hii sikuwa nauweka kwa ajili yangu. Nikamkumbuka marehemu kwenye benchi lile lile, akiniambia shingo bado, fundi, bado kidogo. Baba alipojifuta uso aliniomba radhi. Nikamwambia, "Hatuna haraka, mzee. Alikuwa ananisubirisha hivi hivi."

Alicheka, machozi bado yapo. Binti naye akacheka. Shangazi mmoja akasema marehemu alimsumbua kila fundi wa mji huu, mimi ndiye niliyevumilia.

Kisha nikakata. Ningependa kueleza ilikuwaje, lakini sina mengi. Mkasi ulikwenda kwenye mstari wa chaki na hariri ikatoa ule mlio wake mdogo. Nilikata wa kwanza, nikageuza karatasi, nikakata wa pili. Niliinua vipande vyote viwili, nikaviweka kwenye mikono ya binti, kulia na kushoto, na tausi wote walikuwa wamesimama, wakitazama begani. Baba alivitazama kwa muda mrefu. Aliitikia kwa kichwa taratibu, akafungua mkoba wa mitai.

Nilipotazama ng'ambo ya ukumbi, mama wa vifungo alikuwa nje ya kibanda chake amejifanya anapanga nyuzi. Aliinua mkono mmoja juu, vidole vimekunjwa kwa mbele, kama mtu ambaye mpira umeshamtoka na anausindikiza mpaka kwenye nyavu.

Sijaacha kuogopa. Bado kuna asubuhi vidole vinaniuliza tena swali lao. Lakini siku hizi nakata mchana, mlango wazi, na mteja anayetaka kutazama namwambia avute kigoda. Kabla ya kazi kubwa nakaa kwenye benchi, nafumba macho, naanzia kwenye ngazi. Na nikimaliza kukata kichwani, nainua kila kipande nakitazama, kwa sababu nilifundishwa kwamba utulivu peke yake haujui juu ni wapi. Namshukuru daktari aliyenipima, nakishukuru hata kile kitabu kisicho na jalada. Lakini aliyeniongoza mpaka kwenye meza yangu ni yule mama wa vifungo, na hajawahi kukubali nimlipe hata chai.

Mchana wa Jumamosi ile, sketi na mwili wa blauzi navyo vikiwa vimeshakatwa, familia iliondoka na mabaki ya sari yao, wakituachia vipande tu vya kushona, na vile vidogo vilivyobaki tuvishie vifungo. Hivyo vidogo nilimpelekea mama wa vifungo. Ana mashine ya mkono inayobana kitambaa juu ya kifungo, na alibana kimoja baada ya kingine mpaka vikatosha mgongo wa blauzi. Kila kifungo kiliangukiwa na sehemu yake, kimoja ua, kingine zari tupu. Kimoja kilipata kichwa kizima cha tausi.

Nilikishika, nikakigeuza. Nikamwambia huyu mbona amelala.

"Kaka, kifungo kinazunguka," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye mashine. "Mwache apumzike. Akitaka kusimama atasimama."